Mjane na Sanduku la Picha

Juzi bomani Songea, Mzungu alituonyesha sanduku la picha alizopiga kabla ya vita vyetu naye. Unaweka macho kwenye matundu mawili, askari anazungusha mkono wa chuma, nawe unaona watu wakitembea, miili imejaa kana kwamba utawagusa.

Mjane mmoja alichungulia, akamwona mumewe aliyenyongwa. Papo hapo akapiga magoti amwamkie, na mumewe akampotea.

“Mwamkie umesimama, mama,” askari alimwambia.

“Mume wangu sijawahi kumwamkia nimesimama.”

Askari akalishusha sanduku chini, akazungusha tena. Mama, akiwa magotini, akachungulia, akapiga makofi ya heshima taratibu, akamwamkia.

Mzungu ni hodari: aliowanyonga anaturudishia wakitembea. Nasi watu wazima tukangoja marehemu aitikie.