Saa ya Kuzamia Nisiyojua Kuisoma

Siku niliyochagua saa yangu ya kuzamia naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku niliyomchagua mke wangu. Mke nilimfikiria miaka miwili. Ile saa niliifikiria muda wa kumeza mate.

Umeniambia unakwenda Pwani kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, na ukaniuliza ununue kompyuta gani ya kuvaa mkononi. Ulipouliza ulicheka, nimeona. Umejiuliza huyu mzee ambaye akilala Mwatate usiku mmoja tu anaugua, habari za chini ya bahari anazijulia wapi. Cheka tu. Lakini kwanza ushike huu mkono wangu wa kushoto. Hivi vidole viwili vya mwisho, hata ukivichoma na sindano sitajua mpaka nione damu. Sasa keti nikueleze.

Ilikuwa miaka ya tisini, hujazaliwa. Nilikuwa karani wa stoo kwa mkandarasi mmoja wa maji hapa Voi. Kazi yangu ilikuwa kutunza koki na vipande vya mabomba, kazi ya kivulini, iliyonifaa kabisa. Kilichoniponza ni mdomo. Wakati wa chai nilijisifu kwamba nilisoma sekondari Pwani na ninaogelea kama samaki. Wenzangu walikuwa watu wa milimani kama mimi, maji mengi waliyoyajua ni ya karai, kwa hivyo hakukuwa na wa kunibishia. Sikujua bosi amesimama mlangoni. Alikuwa amepata kazi ya kukagua mabomba yaliyo chini ya mabwawa, na alitaka watu wawili wafundishwe kuzamia. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye basi la Mombasa pamoja na fundi wa pampu aliyeitwa Mwachofi.

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Abdalla, mtu wa Pwani aliyekuwa na nyumba Kaloleni, hapa hapa Voi. Alikuwa amezamia miaka mingi, mwembamba, mpole, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alinitazama nikiogelea, akaniuliza kwa upole huyo samaki niliyemsema ni wa aina gani.

Siku ya tatu alitupeleka kwenye duka la vifaa, bosi akiwa ameruhusu kila mmoja wetu achague kompyuta yake. Mzee alitueleza polepole. Ukiwa chini, hewa unayovuta imebanwa na uzito wa maji, na sehemu yake inaingia mwilini, kwenye damu na kwenye viungo. Ukipanda taratibu inatoka yenyewe na hutajua kama ilikuwamo. Ukipanda mbio inageuka povu ndani yako, na povu hilo linaweza kukulemaza au kukuua. Kazi ya hiyo kompyuta ni kukuhesabia: uko kina gani, umebakiwa na dakika ngapi, unapanda kwa kasi gani.

Muuza duka akaweka mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya mpira, nene, yenye sura ya kifuniko cha mkebe wa grisi. Namba zake zilikuwa kubwa, kitufe kimoja, na kijitabu cha Kiingereza chepesi ambacho hata mimi wa kidato cha nne ningekimaliza kwa siku moja. Ya pili iling'aa. Ilikuwa ya chuma, vitufe vinne, kioo kidogo kilichojaa alama. Iliachwa na mgeni fulani, na kijitabu chake kilikuwa kwa lugha ambayo muuza duka mwenyewe hakujua ni ya nchi gani.

"Chukueni ile mtakayoweza kuisoma mkiwa mmeshikwa na hofu," Mzee akasema.

Mwachofi akachukua kifuniko cha grisi. Mimi, mwanangu, sikuwa dukani. Mwili ulikuwa dukani, lakini mimi nilikuwa kanisani. Jumapili ile binti yetu Mghoi alikuwa abatizwe kwetu huko milimani, juu ya Wundanyi, nami nilijiona nimesimama mbele ya watu, nimekunja mkono wa shati kidogo, ukoo mzima wa mke wangu ukiulizana huyu ana nini mkononi. Nikachukua inayong'aa.

Mzee akaniuliza, "Hiyo waisoma?"

"Nitazoea, Mzee."

"Chini hakuna mahali pa kuzoea."

Nikacheka. Nilikuwa nacheka sana siku hizo, hasa nikiogopa.

Ijumaa tukazama mita kumi na nane. Nitakwambia ukweli ambao sikumwambia mtu kwa miaka mingi: nilipoangalia juu nikaona mashua imekuwa ndogo kama kiatu cha mtoto, nilitaka kwenda nyumbani. Si mashuani, nyumbani, kitandani kwangu. Na hapo ndipo ile saa ilipoanza kulia. Ti, ti, ti. Nikaitazama. Namba zilikuwa zinawaka na kuzima, pembeni kuna mshale, chini ya mshale kuna herufi tatu nisizozijua. Sikujua inaniambia nipande au inaniambia nisipande. Nikabonyeza kitufe, namba zikabadilika. Nikabonyeza kingine, zikapotea zote. Sijawahi kuwa peke yangu vile, na watu wawili walikuwa karibu nami kama wewe hapo.

Kumbe nilikuwa napanda, tena mbio, bila kujua. Mzee Abdalla alinishika kifundo cha mkono, akaniweka kiganja mbele ya uso: simama. Akanishikilia hapo hapo mpaka pumzi yangu ikatulia, ndipo akanipandisha mwenyewe, taratibu, kama mtu anayebeba sufuria ya uji uliojaa.

Kwenye mashua alivua kompyuta yake mwenyewe, kuukuu, ya namba kubwa, akaninyooshea. Akasema nivae hiyo kesho, na ile nyingine niivae nikienda harusini. Ningeichukua, mwanangu, nisingekuwa na hadithi ya kukupa. Lakini Mwachofi alicheka, na kicheko kile kikanichoma. Nikasema yangu haina neno.

Jumamosi tukazama mara mbili asubuhi. Tulipomaliza, Mzee akasema wazi: leo hakuna kusafiri, mtalala hapa, mtaondoka kesho adhuhuri. Nikamjibu ndiyo, Mzee. Habari ya ubatizo sikumtajia, maana nilijua atanikataza. Isitoshe nilikuwa nimelala siku tano kwenye kitanda cha watu, na mimi kitanda cha watu hunitoa upele.

Nikiwa nafunga begi, Mwachofi akaingia na kijitabu chake mkononi. Aliniambia kwenye kioo cha saa yake kuna alama ya ndege, na kitabu kinasema usipande ndege mpaka alama hiyo ipotee. Nikatazama yangu. Na yangu ilikuwa na kindege.

"Mwachofi," nikamwambia, "mimi hata baiskeli naiogopa. Ndege nitapandia wapi, Mwatate?"

Tukacheka wote wawili. Nikashika basi.

Ukurasa uliofuata wa kile kijitabu ulieleza habari za milima. Mwachofi aliufungua nikiwa nimeshafika Mariakani.

Safari ilikuwa njema mpaka Voi. Pale stendi nilimnunulia mtoto wa jirani pakiti ya krisps za viazi, nikapanda gari la Wundanyi. Tulipopita Mwatate na zile kona zikaanza, bega la kushoto likaniuma. Nikasema ni ule mtungi. Kona chache mbele, maumivu yakashuka kwenye kiwiko, na ngozi ya mgongo ikaniwasha kama niliyelalia upupu. Nilikuwa nimepakata begi, nikaona ile pakiti ya krisps imevimba, imekaza mpaka inataka kupasuka, kama zinavyovimba siku zote ukipanda nazo kutoka Voi. Nimeziona zikivimba tangu utotoni. Ilinichukua mpaka hapo, mwanangu, nikitokwa jasho kwenye baridi ya milimani, kuwaza kwamba kile kilichoivimbisha pakiti, hewa ya nje kuwa nyepesi kadiri unavyopanda, hakichagui pakiti peke yake. Niliwaza hivyo, nikaogopa, nikajiambia ni upuuzi. Kushuka gari na kurudi ilikuwa aibu. Nikaenda mpaka nyumbani.

Mke wangu alitoka akicheka, akanitania nimekuwa mweusi kama mvuvi, akaniwekea mtoto mikononi. Mghoi alikuwa na miezi minne. Nilimtazama nikamwona yuko mkononi mwangu. Lakini sikumhisi. Mkono wa kushoto haukuwa na habari kwamba umebeba mtu. Nikamwona anateleza, anateleza, nami nauamuru mkono ushike na mkono haunijibu.

Mama yake ndiye aliyemdaka.

Hakupiga kelele. Alimkumbatia mtoto, akanitazama, akasema, "Baba Mghoi, wewe umefanya nini?"

Mama mkwe alisema ni malaria, jirani akasema ni jicho la mtu. Mimi nilikuwa nimeshajua. Mke wangu akanishika mkono mzima, akanipeleka kwenye duka lililokuwa na simu, jua bado liko juu ya mlima. Miguu nayo ilikuwa inaanza kuwa mizito. Simu ilipopokelewa Mombasa, kule tulikojifunzia, aliyejibu alikuwa Mzee Abdalla mwenyewe. Mwachofi alikuwa amemweleza, na tangu mchana hakubanduka penye simu.

"Mkono gani?" akauliza, hata salamu hakunipa.

"Wa kushoto."

"Miguu je?"

"Imekuwa mizito."

"Saa yako yaonyesha nini?"

"Bado ndege, Mzee."

"Hiyo ndege umeshaipanda, mwanangu. Huo mlima ndio ndege. Shuka. Usingoje kesho, usingoje chai. Lala chali, unywe maji, na dereva asikupitishe juu zaidi hata kwa njia ya mkato. Nakuja na mtungi wa oksijeni, tutaonana Voi."

"Mzee, nitakufa?"

"Ukiendelea kuongea na mimi, ndiyo."

Gari lililopatikana, baada ya kungoja saa tatu, ni lori la kabichi lililokuwa linakwenda soko la Mombasa. Wakanilaza juu ya magunia, mke wangu ubavuni, mtoto ameachwa kwa bibi yake. Kila kona nilijaribu kukunja vidole vya miguu ndani ya viatu, nione kama bado ni vyangu. Nilimwambia mke wangu mambo ambayo mtu husema akidhani hatayasema tena, na mpaka leo akitaka nimnunulie kitu hunikumbusha moja moja.

Mzee alikuwa Voi kabla yetu. Alinivika barakoa ya oksijeni, akanihamishia kwenye gari lake, akanirudisha Mombasa mpaka kwenye chumba cha chuma, kama tangi la maji lenye kidirisha. Humo wanakubana tena kwa hewa kama uliyerudi chini ya bahari, halafu wanakupandisha kwa saa nyingi, kwa utaratibu ule ule nilioukataa. Nilikuwa nimefungiwa ndani ya chuma nikiwa mzima wa akili, nasikia hewa ikinguruma. Hofu ya siku ile, mwanangu, ndiyo iliyonifanya niwe mtu wa kukaa nyumbani mara mbili ya nilivyokuwa. Kila nilipotazama kidirishani niliona uso wa Mzee. Hakwenda kula.

Nilipotoka nikitembea kwa miguu yangu, nilijua atanigombeza, nikainamisha kichwa. Hakuinua sauti. Alisema, "Hukuniambia una ubatizo. Ungeniambia, ningekuzamisha Alhamisi, Ijumaa ukapumzika, Jumamosi ukaenda kwenu. Mimi si mgumu. Ulinificha safari yako, na ukavaa kitu ambacho hukijui, sasa ningekulinda na nini?" Hayo tu. Ningependa angenipiga.

Jumapili ile ilipita. Walimbatiza Mghoi bila mimi, kwa jina nililokuwa nimelikataa miezi mitatu, na leo dadako huyo Felista ana watoto wake. Simlaumu mtu. Aliyeangushwa na mkono wa baba yake na akadakwa na mama yake, mama ndiye ampe jina.

Basi nisikilize sasa, maana umekuja kuuliza kuhusu saa. Usichague kwa kung'aa. Chagua ile yenye namba kubwa na alama chache, na kijitabu cha lugha unayoiota usiku. Kisome chote, na ule ukurasa wa milima ukisome mara mbili, kwa sababu waliotengeneza hizo saa walichora ndege, hawakujua kuna watu ambao nyumbani kwao ni juu. Kabla hujazama, mkabidhi mwenzako hiyo saa akuulize maswali na wewe umjibu: hii inasema nini, na hii ikilia nifanye nini. Usipoweza kujibu ukiwa nchi kavu, usiingie majini. Ikikuonya, itii, hata kama unaona haikuhusu. Ukimaliza kuzamia, lala Pwani. Kitanda cha watu hakijaua mtu, nimechunguza. Na mwalimu wako mwambie kila unakokwenda, hata kama unadhani atakukataza, hasa kama unadhani atakukataza.

Usione haya kuogopa. Mimi sikuumizwa na woga wangu, niliumizwa na kuuficha.

Nenda, mwanangu. Mungu akushushe salama na akupandishe polepole. Akupe mwalimu mwenye subira na mwenzako asiyekuacha. Ukirudi kwetu mlimani, urudi siku uliyoruhusiwa kurudi, na mikono yote miwili ihisi vizuri kila utakayempakata.