Pole Niliyompa Mtani

Ubao wangu wa maneno ulianza kwa hasira. Mama mmoja alikuwaga anakuja kila asubuhi kuulizia kabati lake. Mbao zilikuwa hazijakauka, nimemwambia mara tatu, haelewi. Siku ya nne nikachukua kipande cha plaiwudi na chaki, nikaandika kwa herufi kubwa: KABATI HALIJAISHA. LIKIISHA LITAKUITA LENYEWE. Nikakitundika kwenye nguzo ya mbele ya karakana yangu, hapa Keko, barabarani kabisa. Nilitaka akisoma aondoke. Akasoma, akacheka mpaka akaishika nguzo, akaagiza na stuli mbili za jikoni.

Hapo ndipo nilipojua watu wanapenda kununiwa, ili mradi ununaji wenyewe una akili.

Mie shule niliachia darasa la tatu, kule kwetu Tabora. Nasoma taratibu, naandika taratibu zaidi. Nyumba nimejenga, watoto nimewasomesha, na kama yupo aliyenisaidia ajitokeze nimshukuru, maana mpaka leo sijamwona. Kwa hiyo ninaposema najua maneno, sijayatoa kitabuni. Nimeyatoa kwa wateja, kwa mbao mbichi, na kwa jirani yangu mmoja ambaye habari hii ni yake kuliko yangu.

Ubao ule sikuushusha tena. Kila wiki nikawa naandika jipya. KITANDA NIMETENGENEZA MIMI, USINGIZI JITAFUTIE. Nyingine: MTEJA NI MFALME, NDIYO MAANA NCHI HII HAINA WAFALME. Hiyo ilisimamisha watu. Vijana walikuwa wanapiga picha. Binti yangu, mwalimu kule Tegeta, akanipigia simu siku moja anacheka.

"Baba, ubao wako uko kwenye status za walimu wenzangu."

"Status ndiyo nini?"

"Ni kama ubao wako, ila kila mtu ana wake."

"Na wote wanaandika maneno yangu? Yao yako wapi?"

Watu huniuliza kwa nini neno chungu linapendwa kuliko tamu. Jibu ninalo. Neno tamu kila mtu analo. Mwenye duka analo, mgombea analo, bwana harusi analo mpaka mwezi wa tatu. Neno tamu linakuja limeficha mkono nyuma, na mkono huo unataka kitu. Neno chungu halikuombi kitu. Ukigonga mbao kwa kidole inakwambia yenyewe kama ni kavu au mbichi, haijali umevaa nini. Na mtu aliyechoka ukimwambia "mambo yatakuwa mazuri" unamchosha zaidi. Mwambie "yatakuwa mabaya, ila kaa tunywe chai", uone atakavyovuta stuli.

Sasa huyo jirani. Yeye fundi wa kushona makochi, karakana yake na yangu zimegawanywa na bati moja tu. Mimi natengeneza mifupa, yeye anavisha nyama. Mie Mnyamwezi, yeye Mzaramo, na kwa wasiojua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu waliokuwa wakishuka pwani na mizigo ya watu kichwani. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana mbele ya mkeo, akachukua kuku wako, akakuita jina lolote, na ukikasirika aibu ni yako. Tena siku ya msiba ndiyo ruhusa yake inakuwa kubwa. Anaingia anamwigiza marehemu, anawacheka wafiwa, analala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Waliojaa machozi wanajikuta wanacheka, na hapo ndipo wanapopumua.

Nilipotundika ubao wangu, wiki ya pili na yeye akatundika wake upande wa pili wa bati. Mimi niliandika: MZARAMO AKIWAHI KAZINI, UJUE JANA HAKURUDI NYUMBANI. Yeye akajibu: MNYAMWEZI ALIKUJA MJINI NA MZIGO KICHWANI. MZIGO KAUTUA, KICHWA BADO ANAKITAFUTA. Tukaenda hivyo miaka na miaka. Wapita njia walianza kusoma wangu, wakasogea hatua tano, wakasoma wake, wakarudi kunitazama usoni kama nimeumia. Sijawahi kuumia. Asubuhi nilikuwa namsikia upande wa pili akinong'ona herufi huku anaandika, na mie chaki imeshatangulia mkononi.

Mke wake ndiye aliyetutawala wote wawili. Saa nne kamili ungesikia kandambili zake zikiburuta, mguu wa kushoto ulikuwa na maumivu ya siku nyingi, halafu birika la chai linaingia kabla yake. Mie ananimiminia kwanza.

"Shemeji ni mgeni," anasema.

"Mgeni wa miaka ishirini!" mumewe anapiga kelele na sindano mdomoni. "Na mie je?"

"Wewe hata ukifa na kiu nitapata taarifa."

Halafu anasimama katikati, mkono kiunoni, anasoma mbao zote mbili, anatikisa kichwa. "Nyie wawili siku mkifa, Keko nzima italala mchana." Kati yetu watatu yeye ndiye aliyekuwa fundi hasa wa maneno, na hakuhitaji chaki.

Akafa yeye kwanza. Presha, siku mbili tu hospitali, asubuhi ya tatu nikapigiwa simu.

Binti yangu naye akanipigia. "Baba, nakujua. Leo usilete yale mambo yenu. Kuna wakwe, kuna mashehe, kuna vijana na simu zao. Utarekodiwa, watu watakutukana mtandaoni mpaka uugue."

Nikamwambia sawa. Lakini nisimsingizie mtoto wa watu wala wangu. Nimeishi miaka yote hii bila kuogopa simu ya mtu. Kilichonikamata ni kwamba nilipofikiria kufungua mdomo nimwigize yule mama, niliona nitalia. Mie sikutaka kulia mbele ya watu. Basi nikavaa shati jeupe, nikavaa na uso wa kanisani, nikaenda Mbagala kwake.

Nilipofika getini, wamama wazee waliniona, wakanipisha njia. Mmoja alishika ufagio kabisa, akiunyoosha kama silaha, maana mtani wa marehemu kaja na lazima kiwake. Walishaanza kutabasamu. Nikapita katikati yao nimeinamisha kichwa. Jirani yangu alikuwa amekaa mkekani, kofia imemlalia jichoni. Akanyanyua uso. Akaningoja.

Nikampa mkono. Nikasema, "Pole sana, ndugu yangu. Kazi ya Mungu haina makosa. Sote tuko njia moja."

Akanitazama kama anavyotazama kochi lililorudishwa na mteja. Akasema, "Ahsante, mzee."

Mzee! Toka nimjue hajawahi kuniita hivyo. Yule mama wa ufagio akauegemeza ukutani. Nikazika, nikala wali, nikarudi nyumbani najiona nimefanya mambo ya kiungwana.

Baada ya wiki akaja karakana asubuhi moja. Hakunisemesha. Nikamsikia upande wa pili anaandika, kunong'ona hamna. Kisha akafunga mlango kwa kufuli, akaondoka. Nikatoka kusoma. Aliandika: MTANI AKIKUPA POLE, UJUE NA WEWE UMEZIKWA.

Nikaisoma mara mbili, maana nasoma taratibu. Kwanza nikacheka, nikajua karudi kwenye ubora wake. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Nilipopachungulia kwenye tundu la bati niliona kochi la watu watatu limesimama katikati, nusu limevaa kitambaa, nusu springi ziko nje. Mtu yule hakuwahi kuacha kochi uchi usiku mmoja. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Mwanawe wa kwanza alipokuja kuchukua mashine ya kushonea nikamuuliza vipi mzee. Akasema, "Anakaa tu barazani, mzee. Chakula anagusa tu. Anataka tuuze vifaa vyote, anasema kazi imemshinda."

Na mie ubao wangu ulikuwa mtupu. Nilishika chaki asubuhi, nikaitazama plaiwudi, nikairudisha chaki mfukoni. Naandika nini, na nani atajibu? Vijana wakaanza kuuliza, "Mzee, shikamoo, vipi wiki hii hamna kitu?" Nikawafukuza.

Nilikasirika pia, nisijifanye mtakatifu. Nikamwambia mama watoto jioni, "Nimekosa nini mie? Nimeenda, nimezika, nimempa pole ya heshima. Anataka nini zaidi?"

Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Pole kapewa na watu mia. Wewe ndiye peke yako uliyetakiwa usimpe."

"Binti yako ndiye aliyesema..."

"Binti yangu sio mtani wake."

Mwanamke akishasema neno la kweli anaendelea na mchele wake kama hajafanya kitu. Nilijua tangu nilipopita mbele ya ule ufagio. Nilimnyima mtu haki yake. Msiba wote ule, watu wote wanamshika mabega na kumnong'oneza kama mgonjwa, na mmoja tu aliyekuwa na ruhusa ya kumwonyesha kwamba bado yuko hai, akaja kuongea naye kama mwenyekiti wa mtaa. Kisa anaogopa machozi yake mwenyewe.

Siku ya arobaini kulikuwa na hitima. Nikamwomba mama watoto kanga.

"Za nini?"

"Naenda msibani."

Akanitolea mbili, na akanifundisha kufunga, maana nilikuwa najifunga kama mzigo wa kuni. Binti yangu alikuwepo siku hiyo, ameshika kichwa. "Baba, una miaka mingapi?" Nikamwambia anipishe njia, na kama anataka kurekodi arekodi vizuri, upande huu ndio mzuri.

Nikaziweka kanga kwenye mfuko, nikafika Mbagala, nikakaa nyuma kwa adabu mpaka dua ikaisha. Shehe alipofunga na masinia ya pilau yakaanza kutoka, nikaenda uani, nikajifunga kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, nikaomba kandambili na birika. Yule mama wa ufagio ndiye aliyenipa birika. Hakuuliza kitu.

Nikaingia kwenye mkeka wa wanaume ninaburuta mguu wa kushoto. Kandambili zikalia sauti ileile. Mazungumzo yakakatika. Nikaweka mkono kiunoni, tumbo langu hili limetangulia, nikasimama mbele yake.

"We mwanaume!" nikasema kwa sauti ya mkewe. "Siku arobaini sipo, nakuta kochi la watu liko uchi katikati ya Keko! Springi zinachungulia wapita njia! Nilikuacha fundi au nilikuacha Mmasai wa kulinda kufuli?"

Mzee mmoja aliyekuwa na tonge mkononi hakulipeleka popote. Mie nikamimina chai hewani, nikampa mtu wa pembeni. "Mgeni kwanza. Huyu mume wangu hata akifa na kiu nitapata taarifa. Na huku nilipo taarifa zinafika haraka!"

Shangazi mmoja mlangoni akapiga kigelegele, akakikata katikati kama amekumbuka mahali alipo. Jirani yangu hakucheka. Kofia bado imemlalia jichoni. Nilianza kuhisi jasho chini ya kanga, nikasema moyoni, nimechelewa, nimempoteza.

Akageuza shingo polepole kwa shehe.

"Shehe, mtoeni huyu," akasema. "Mke wangu alikuwaga mzuri. Huyu kafanana na gunia la mkaa."

Mkeka wote ukapasuka. Yeye mwenyewe mabega yakaanza kutikisika, akacheka, na katikati ya kucheka kikaja kilio, kile ambacho wanawe walisema hakijatoka tangu mazishi. Vikaja pamoja, hujui kipi kimemshika. Na mie nikakaa chini na kanga zangu, nikalia kama mtoto, mbele ya watu na simu zao. Sikufa.

Alipopata pumzi akaninyang'anya birika.

"Ulikuwa wapi siku zote?"

"Mzigo ulikuwa mzito, mtani."

"Mzito?" Akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Mnyamwezi anakataa mzigo! Babu yake alibeba pembe za tembo mpaka pwani, yeye kashindwa kubeba maiti wa kike."

"Babu yangu alikuwa anabebea wanaolipa. Nyie Wazaramo mlikuwa mnamsubiri njiani na ngoma."

"Ngoma utaisikia leo. Hizo kanga huvui mpaka ufike kwako."

Na kweli sikuvua. Desturi ni desturi. Nilipanda bajaji nimejitanda, dereva akaniambia, "Shikamoo mama," halafu akaniangalia vizuri kwenye kioo.

Jumatatu nilifika karakana mapema kuliko siku zote. Nikafagia, nikapanga mbao, nikanoa vitu ambavyo vilikuwa vikali tayari. Saa nne chai haikuja, na haitakuja tena, hilo halina dawa. Lakini saa nne na kitu nikasikia kufuli upande wa pili. Kochi likaburutwa. Halafu kitambaa kikafuta plaiwudi, na chaki ikaanza, na mtu akawa ananong'ona herufi.

Nikangoja amalize. Nikatoka, nikasoma taratibu: NIMERUDI. JIRANI MBONA BADO YUPO?

Chaki nilikuwa nayo mfukoni tangu alfajiri.