Barua Alizozichoma Koplo Sleight

Koplo Horace Sleight alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeitaka, na yeye mwenyewe hakuiomba. Kabla ya vita aliuza mapazia na vitambaa vya meza katika duka moja mjini Louth, mtu wa futi na mkasi, mpole mpaka anakera. Vita vilipokuja wakampima, wakaona miguu haifai gwaride na macho hayafai bunduki, wakampeleka Saxelthorpe kwenye uwanja wa ndege za mabomu. Huko alipewa chumba chenye meza ndefu na jiko la makaa, akaambiwa akusanye vitu vya vijana wasiorudi.

Wasiorudi, ndivyo walivyosema. Kufa hakukutajwa pale. Ndege inaondoka na watu saba kwenda Ujerumani, asubuhi mahali pake pana madoa ya oili tu, basi imeandikwa ubaoni kwamba haijarudi, na kabla ya saa nne Horace ameshafika kwenye banda la mabati walimolala na mkokoteni wake. Ilikuwa lazima awahi. Vitanda vile saba vilitakiwa kabla ya jioni, kwa maana vijana wengine saba walikuwa njiani, na mkubwa wa kituo hakutaka wakute soksi za watu chini ya vitanda. Jamani, hata soksi! Kwa hiyo wageni walilala kwenye mashuka safi na hawakuuliza kitu.

Vitu vyote vilirudishwa kwa wenyewe, yaani kwa mzazi au mke aliyeandikwa kwenye karatasi za jeshi. Lakini kwanza vilipita mikononi mwa Horace. Picha za aibu, barua za mwanamke asiye mke, chochote cha kumfanya mama aliye msibani atamani asingeufungua mzigo, vilikwenda jikoni vikachomwa. Ndiyo iliyokuwa kanuni, na mimi siwezi kusema ilikuwa mbaya. Horace alisoma barua zile kama mtu anayechagua mchele, jicho likitafuta jiwe tu. Akimaliza, hakumbuki hata mstari mmoja. Alijizoeza. Mwaka wa kwanza alikuwa anakumbuka, akakonda, akawa anatetemeka mikono hata chai inamwagika. Mwaka wa pili akaacha kukumbuka na chai ikatulia.

"Koplo, hivi wewe huumii?" Mavis Brummitt alimwuliza siku moja. Mavis ndiye aliyempigia taipu orodha za vitu, binti wa jeshi la wanawake, mdomo mwepesi, moyo mzuri.

"Naumia mgongo," alijibu Horace. "Andika: wembe mmoja, brashi ya viatu, moja."

Mwezi wa nane mwaka wa arobaini na tatu, ndege moja kubwa ya Lankasta ikakosekana, na ndani yake alikuwamo Sajini Ewart Pinder, mpiga bunduki wa mkiani. Horace alimjua kidogo. Wanaoruka walipewa yai la kukaanga kabla ya safari, na mayai siku zile yalikuwa adimu nchi nzima, basi Pinder alipenda kupita na kumtania: "Babu Sleight, nisiporudi, yai langu la kesho kula wewe!" Horace alicheka kwa adabu na hakuwahi kula yai la mtu.

Katika sanduku la Pinder alikuta barua tisa zimefungwa kwa uzi wa kushonea. Zilitoka Hull, kutoka kwa mwanamke aliyejiita Rhoda tu. Ya kumi ilifika na posta ya asubuhi ile ile, haijafunguliwa, na kwa kuwa nje haikuandikwa imetoka kwa nani, Horace aliifungua. "Usiwaambie nyumbani kwamba nakuandikia," ilisema. "Njoo Jumapili, nitakuwa peke yangu." Horace alitikisa kichwa. Karatasi za jeshi zilisema mzazi wa Pinder ni Bi Hester Pinder, mwanamke wa kanisani wa kule Whitby, wa miaka sabini na kitu. Huyo ndiye akute haya? Akazitia jikoni zote kumi, akafunga mlango wa jiko, akaendelea na soksi.

Siku ya nne mlango wa chumba ukafunguliwa, akaingia Ewart Pinder.

Uso ulikuwa umebabuka kwa chumvi na jua, na amevaa sweta la mvuvi. Ndege yao iliangukia baharini. Wanne kati yao waliingia kwenye boti la mpira, wakaelea siku mbili, mpaka meli ya wavuvi wa Grimsby ikawaokota. Horace alisimama. Katika kazi yake hakuna mtu aliyewahi kurudi kudai vitu vyake.

"Umeniona mzimu, Babu?" Pinder alicheka. "Nipe sanduku langu. Nimepewa likizo ya siku kumi na nne, naondoka kesho."

Horace akalitoa. Pinder akapekua, akapekua tena. "Na barua zangu?"

"Nilizichoma, Sajini."

"Acha utani."

"Ndiyo kanuni. Mwanamke ambaye si... Nilifikiri ni hawara yako."

Pinder alikaa juu ya sanduku. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Ni mama yangu," alisema. "Yule wa Whitby ni bibi. Mama alinizaa kabla hajaolewa, bibi akanilea kama mtoto wake, mama akafukuzwa. Nimempata mwaka huu tu, Babu. Mumewe hajui kama mimi nipo duniani. Nilikuwa namwandikia kupitia duka la sigara, na duka lile limepigwa bomu mwezi uliopita. Nilikuwa nangoja aniambie pa kumpata."

"Kuna moja ilifika asubuhi ile," Horace alisema. "Ilikuwa na anwani, juu kabisa."

"Inasemaje?"

Horace alitazama mlango wa jiko. Alikumbuka ile "peke yangu", akakumbuka wino wa bluu. Kwingine kote kulikuwa kweupe.

"Wewe uliisoma!" Pinder alimshika mkono. "Jina la mumewe silijui, mtaa siujui. Nina siku kumi na nne. Kumbuka, Babu, nakuomba."

Horace alikumbuka mchana kutwa. Alikaa kwenye kiti amefumba macho, Mavis akamletea chai, ikapoa. Mtu aliyeshinda miaka miwili anajifunza kusahau, leo unamwambia arudi kinyumenyume, atafika wapi? Jioni, Pinder alipopita, akamwambia: "Kanisa. Anakaa mkabala na kanisa, kengele zinamsumbua." Alikuwa na hakika nalo. Pinder alimkumbatia mbele ya Mavis, akaenda.

Alirudi baada ya siku kumi na nne akiwa amekonda. "Hull ina makanisa mengi kuliko dhambi zake, Babu," alisema. "Nimegonga milango mpaka polisi akaniuliza nauza nini." Hakukasirika. Wakampanga na kundi jingine la watu saba, akarudi kwenye kiti chake cha mkiani. Kila alipokutana na Horace njiani juu ya baiskeli alipaza sauti: "Umekumbuka kingine?" Na Horace akajibu: "Bado, Sajini." Ikawa kama salamu yao. Septemba ikapita, Oktoba ikapita. Mama naye hakuandika tena, na hilo ndilo lililomsumbua Pinder kuliko milango yote.

Mwishoni mwa Novemba walikwenda Berlin. Asubuhi ndege tatu hazikurudi, na ya Pinder ilikuwa mojawapo. Safari hii kulikuwa na rubani wa ndege nyingine aliyewaona wakiungua angani, na hakuona mwavuli wa kurukia hata mmoja.

Horace alikwenda na mkokoteni wake kabla ya saa nne. Vitanda ishirini na kimoja. Alivifanya vyote kwa mpangilio ule ule, cha Pinder kikiwa cha kumi na mbili, hakukitanguliza wala hakukiacha mwisho. Hakulia. Mavis ndiye aliyelia, akapiga taipu huku analia, akakosea, akaanza upya.

Kwenye mfuko wa koti la Pinder alikuta ramani ya mji wa Hull. Kila kanisa lilikuwa limezungushiwa penseli, na kila mtaa wa karibu umekatwa kwa mistari midogo midogo, mstari kwa kila mlango. Horace aliikunja akaiweka mezani.

"Koplo," Mavis aliita. "Barua za leo. Moja ni ya Sajini Pinder."

Wino wa bluu. Horace aliifungua akisimama. Juu kabisa kulikuwa na anwani: mtaa mmoja mfupi kando ya kiwanda cha unga, chini kule kwenye gati. Aliutafuta kwenye ramani. Hapakuwa na kanisa hata moja karibu, wala mstari wa penseli. Ndipo likamjia waziwazi kanisa lile lilikotoka: lilikuwa la barua nyingine, ya mke wa kijana mwingine, aliyekosekana mwezi wa tano. Alikuwa amempa Pinder kumbukumbu ya marehemu wa watu.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Nilikungoja Jumapili ile na nyingine tatu, ilisema. Naona umefikiri vizuri ukaona hunitaki, na sina haki ya kukulaumu, maana mimi ndiye niliyeanza kukuacha. Nilitaka tu kusikia kwa mdomo wako.

Ilimwuma. Mara ya kwanza katika mwaka mzima kitu kilimwuma Horace Sleight. Simu ya jeshi ya kuarifu msiba ingekwenda Whitby, kwa bibi. Kwa huyu aliyemzaa isingekwenda hata siku moja.

"Inatakiwa ichomwe?" Mavis aliuliza.

"Ndiyo," alisema Horace, akaitia mfukoni pamoja na ramani. "Jumapili sipo kazini. Ukiulizwa, nimekwenda kutazamwa mgongo."

Mavis alimtazama, akafuta pua. "Mgongo wako unahitaji kweli," alisema.

Alivuka mto kwenda Hull kwa feri ya New Holland, mvua ya manyunyu ikinyesha. Mji ulikuwa na mapengo ya mabomu kila mahali, nyumba ipo, haipo, ipo. Akapata mlango, akagonga. Alifungua mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono ina unga, na pua ilikuwa ya Pinder vile vile. Nyuma yake nyumba ilikuwa kimya na meza imeandaliwa kwa watu wawili.

Njiani kote Horace alikuwa amepanga maneno. Alitaka aanze na lile kosa lililo juu yake, asije akalificha nyuma ya msiba.

"Bi Rhoda, natoka Saxelthorpe," alisema. "Mwanao hakukukataa. Barua yako ya Agosti niliichoma mimi, kabla hajaiona. Nilidhani vingine. Alikuja kukutafuta siku kumi na nne, akagonga milango. Tazama." Akamfungulia ramani pale pale kizingitini, mvua ikiidondokea.

Mwanamke alifuta mikono kwenye aproni, akaishika. Kidole chake kikapita juu ya mistari ile, mtaa baada ya mtaa, bila haraka. Kisha akacheka, machozi yakimtoka, akamshika Horace mkono wa koti kama ndugu yake.

"Yote haya alitembea? Kwa miguu?"

"Kwa miguu, Bi."

"Ee Mungu wangu. Nami namlaani miezi mitatu!" Akaikunja ramani kifuani. "Sikulaumu, kaka, mimi na wewe wote tumekosa. Mwambie basi aje Jumapili ijayo. Mwambie nitakuwa peke yangu."

Horace alitafuta lile neno la kambini, "hajarudi", akaliacha. Akavua kofia. Mvua ikamnyeshea kichwani, na mwanamke akaitazama kofia ile mkononi mwake, akaelewa.