Kolekole wa Wadini

Baba alikuwa hanijui tena. Tulikuwa tunakaa Nizwa, Omani, mwanzo wa miaka ya elfu mbili, na kila asubuhi nikimwamkia "Shikamoo, Baba," ananijibu "Marahaba, bwana," kwa adabu zote, kama mtu aliyejiwa na mgeni. Sikulia. Nilikuwa nimechoka hata kuumia. Nampa dawa, namfunga kilemba, nakwenda zangu kazini.

Alichokumbuka ni trauti, samaki wa mito baridi ya milimani. Ujanani, kule Kenya, mzungu mmoja mteja wa duka la kwao alimfundisha kuwavua katika mto mkubwa kwa nzi wa bandia, manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwenye ndoana. Ufito wake wa kuvulia alikuja nao mpaka Omani. Sasa kutwa trauti, trauti, mpaka masikio yaniuma! Nikajitia akilini kwamba akimpata mmoja atafurahi, na akifurahi atanijua. Upumbavu mtupu, lakini sikuwa na jengine.

Mwezi wa tatu mvua ikanyesha, wadi, lile bonde kavu la mto, ikajaa maji ukingo hadi ukingo. Nikapita sokoni nikanunua kolekole mdogo, samaki wa baharini. Simu ya ofisini ikalia, na huku naongea, muuzaji, kama kawaida yao, akampasua samaki, akamtoa matumbo na kumjaza barafu. Nilipogeuka, khalas, keshamaliza. Nikamchukua vivyo hivyo.

Wadini Baba akarusha mshipi. Mkono wake haukusahau kitu, nzi akatua juu ya maji taratibu. Lakini samaki wa pale ni wadogo kama kidole, hakuna aliyeshika. Nikamkalisha kwenye kivuli anywe kahawa, kisha nikamtunga kolekole kwenye ndoana, nikamtosa.

"Baba, ameshika! Hebu vuta!"

Akavuta. Akamgeuza samaki, akamtia kidole tumboni. Mlikuwa bado mna chembe za barafu.

"Huyu wa baharini," akasema. "Nani kanifanyia mchezo huu?"

"Mimi."

"Na wewe mtoto wa nani?"

"Wako, Baba. Mwanao."

Akanitazama sana, wala hakukasirika.

"Mwanangu namjua mimi," akasema. "Wallahi asingenidanganya."

 Moyoni sikusikia kitu. Nikakunja mshipi, nikamfunga Baba mkanda wa gari, tukarudi.