Mjomba Asiyeombwa Kitu

Jua ndiyo kwanza linachungulia nyuma ya vilima vya Tasbulak, na Serimbet ameshamvua farasi blanketi zito la sufu alilomfunika usiku kucha. Anapitisha ubapa wa mti mgongoni mwa mnyama, taratibu, na jasho linachuruzika hadi kwenye kiganja chake. Analitazama kwenye mwanga. Kisha analilamba.

“Bado lina chumvi,” anasema, na kutema pembeni. “Huyu bado amebeba mafuta ya kiangazi. Jasho likiwa jepesi kama maji ya kisima, hapo ndipo mtu unaweza kumpeleka kwenye mbio.”

Kwenye uzio ameegemea jirani yake Zeinolla, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Walizaliwa mwaka mmoja, na huku kwetu watu wa rika moja wana ruhusa ya kutaniana hadi kaburini.

“Wenzako asubuhi wanakunywa chai, wewe unakunywa jasho!”

“Njoo uonje, labda utapona ulafi.”

“Mimi? Mkono wenyewe wa kunionjesha uko wapi? Tazama unavyotetemeka! Nani anautikisa, kama si mpwa wako?”

Serimbet anamgeuzia mgongo na kuanza kumpangusa farasi miguu, akitumia mkono wa kushoto.

Ana miaka sitini na nne. Kuanzia masika hadi majani yanapokauka, huwaandaa farasi wa watu kwa ajili ya baiga, mbio ndefu za kilometa ishirini na tano ambazo hapa hazikosekani kwenye harusi kubwa wala kwenye karamu ya kumkumbuka marehemu. Theluji ikianguka, anahamia kwenye chumba cha tanuri la makaa linalopasha joto shule ya kijiji. Tenge laki moja na elfu kumi za mshahara wa mwezi, anasema, zinanunua unga, chai, na nyasi kavu ambazo hazifiki mwezi wa pili.

“Tanuri halina shida,” anasema. “Ukilipa makaa, linakupa moto. Halikasiriki. Farasi naye ukimkosea leo, kesho amesahau. Binadamu ndiye mgumu.”

Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka miaka minne iliyopita. Daktari wa wilaya alisema ni mishipa. Mwenyewe husingizia koleo la makaa. Kijiji kizima, kuanzia imamu hadi muuza duka, kina jibu lake, na jibu hilo ni la zamani kuliko daktari: anayemnyima mpwa, mkono wake hutetemeka.

Mtoto wa dada ana haki kwa mjomba wake ambayo hata mtoto wa kumzaa hana. Akiingia akasema “nipe hiki”, mjomba anatoa. Kofia, mjeledi, mbwa, farasi, chochote. Wajomba hulalamika sana, hushika vichwa na kuapa kwamba mpwa ni mbwa mwitu wa nyumbani, lakini ni malalamiko ya kujigamba. Mjomba anayeombwa ni mjomba mwenye kitu, na mwenye dada anayempenda.

Serimbet ana mpwa mmoja tu, Esbol, mtoto wa marehemu dada yake Kulyash. Akiwa mdogo, Esbol aliomba mpaka akapitiliza.

“Huyo mtoto alinivua viatu!” anasema Serimbet, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. “Vilikuwa buti mpya za ngozi. Nimekwenda kwa dada kumjulia hali, mtoto ananitazama miguuni, ananiambia, ‘Mjomba, nipe hivyo.’ Vilikuwa vinamfika mapajani! Nikavua. Nikarudi nyumbani na soksi, kwenye matope, watu wananipigia makofi. Nakuambia, sijawahi kutembea na raha kama siku ile.”

Mkewe, Biken, anayapokea maneno hayo kutoka jikoni. “Soksi zenyewe nilizitupa. Hazikufulika tena zile.”

Halafu akaja Karaker.

Karaker alikuwa dume la rangi ya kahawia iliyokolea, na Serimbet alimlea mwenyewe tangu siku aliyodondoka kwenye nyasi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na farasi wa kwake, si wa tajiri fulani wa mjini. Miaka tisa iliyopita, mwishoni mwa Agosti, jasho la Karaker lilikuwa jepesi kama maji, na mbio kubwa ya mkoa ilikuwa imebakiza siku chache. Zawadi ya mshindi ilikuwa gari.

Ndipo Esbol akafika. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, ametoka jeshini. Akakaa kwenye mkeka, akanywa bakuli mbili za chai, akawauliza habari za mifugo. Kisha akaweka bakuli chini.

“Mjomba, nipe Karaker.”

Biken alikuwepo. Anakumbuka neno lililomtoka mumewe.

“Akauliza, ‘Wa nini?’”

Mgeni anaweza asione kosa hapo. Mwenyeji analiona papo hapo. Mpwa haulizwi sababu. Duka ndilo linalouliza, na serikali. Mjomba akishauliza “wa nini”, ameshageuka mtu baki anayepima kama ombi linastahili.

Serimbet mwenyewe alilisikia neno lake likitoka. Akajaribu kulifunika kwa mengine. Akasema Karaker ameshaandikishwa kwenye mbio, akasema kijiji kizima kinamtegemea, akasema, chukua yule jike wa kijivu na mwanawe, wawili kwa mmoja, nani amewahi kupata bahati hiyo?

“Nilimpiga chenga mtoto wa dada yangu kama mchuuzi wa sokoni,” anasema. “Yeye akatabasamu. Akaniambia, ‘Asante, mjomba, nimeshiba chai.’ Akavaa koti, akaondoka. Jike hakumchukua.”

Alimtaka Karaker wa nini? Serimbet hajui hadi leo. Amewaza kila kitu: labda kijana alitaka kukimbia mbio ile kwa jina la mama yake; labda kulikuwa na binti wa kuposa; labda alitaka tu kujua kama atapewa. Hii ya mwisho ndiyo inayomuuma zaidi.

Karaker alishinda. Aliwaacha wenzake mbali kiasi kwamba vumbi lao lilionekana baada yake. Serimbet alikabidhiwa funguo za gari jeupe, na safari yake ya kwanza nalo ilikuwa kwenda kwa dada yake. Alipiga honi langoni. Kulyash akatokea mlangoni, mikono imejaa unga.

“Hongera, kaka,” alisema. Hakushuka ngazi kulitazama gari. Akamkaribisha ndani, akamwandalia nyama, akamkatia kipande kizuri, na jioni yote hakuna aliyetaja farasi. Kulyash hakumtaja Karaker kamwe, mpaka maradhi ya ini yalipomchukua, majira ya baridi ya pili baada ya hapo.

Waswahili wanasema majuto ni mjukuu. Kwa Serimbet, majuto ni mpwa.

Watu wanadhani Esbol alikasirika. Laiti angekasirika! Mtu akikutukana, mnatafutiwa wazee, mnapatanishwa, mnachinjiwa kondoo, yanaisha. Esbol hakusema kitu. Alikwenda magharibi, kwenye visima vya mafuta vya Mangystau, huko nyikani ambako watu hufanya kazi nusu ya mwezi na kupumzika nusu. Ameoa, amejenga. Kila Ijumaa anapiga simu. Koti la manyoya la Biken ni yeye aliyelituma. Dawa za mkono wa mjomba ni yeye anayezinunua.

“Ananiheshimu,” anasema Serimbet, na jinsi anavyolitamka neno hilo utadhani anataja ugonjwa. “Ananiheshimu kama mkwe. Akija hapa anaketi pale chini karibu na mlango, anakula kidogo, anasifu kila kitu. Miaka tisa hajaniomba hata kijiti cha kiberiti. Mpwa akiacha kukuomba, bwana, ujue amekufuta. Wewe si mjomba tena, ni mzee fulani anayesaidiwa.”

Nyuma ya zizi amefungwa dume wa miaka minne, kahawia iliyokolea, shingo ndefu. Ni mtoto wa mwisho wa Karaker. Hana jina. Serimbet anamwandaa pamoja na farasi wa wateja, anamfunika, analionja jasho lake, lakini hajawahi kumpeleka kwenye mbio yoyote. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi kutoka Karaganda, mtu wa magari makubwa, akamzunguka yule farasi mara kadhaa na kutaja bei ambayo nusura imwangushe Zeinolla, aliyekuwa akisikiliza kwenye uzio.

“Ana mwenyewe,” Serimbet alimjibu.

“Nani?”

“Hajamwomba bado.”

Mnunuzi aliondoka akitikisa kichwa, na Zeinolla hajaacha kulizungumzia. “Mkono wa birika ulipotakiwa kutoa, haukutoa. Sasa unapotakiwa kuuza, hauuzi. Hivi huo mkono unajua kazi gani?”

Biken ana maoni yake, na huyasema huku akifanya kazi nyingine. Leo ni Ijumaa, na anakaanga mikate saba ya mafuta kwa ajili ya marehemu wao. Harufu imejaa nyumba. Ndiyo wanayosema huwafikia waliotangulia. Mmoja ni wa Kulyash.

“Kama anampenda sana, ampakie kwenye lori ampelekee,” anasema, akigeuza mkate. “Ni kiburi tu.”

“Si kiburi. Nikimpelekea, inakuwa zawadi. Zawadi naweza kumpa hata mkuu wa wilaya. Ataipokea, atashukuru, na mwezi ujao atanitumia koti jingine. Tutakuwa tumelipana. Sitaki kulipana na mtoto wa dada yangu.”

Biken anaweka mikate kwenye sinia, anaifunika. Serimbet ananawa, anasoma sura fupi anazozijua, wanapangusa nyuso. Kila mmoja anakula kipande, na sehemu kubwa inapelekwa kwa majirani, Zeinolla akiwa wa kwanza kwa sababu harufu ilishamleta.

Simu inaita mchana, kama kila Ijumaa. Biken anaiweka mezani, sauti ya juu. Upepo wa magharibi unavuma ndani yake.

“Asalaam aleikum, mjomba. Mzima? Mifugo mizima? Dawa zimefika?”

“Zimefika. Waaleikum salaam.”

“Mnahitaji nini? Semeni, mwezi huu nina nafasi.”

Serimbet anaitazama simu. Mkono wake uko juu ya meza na anauacha utetemeke.

“Esbol. Achana na dawa. Niombe kitu.”

“Kitu gani, mjomba?”

“Mimi nitajuaje? Mwombaji ni wewe.”

Upepo unavuma. Mtu mmoja huko mbali anapiga kelele za kazini. Zeinolla, mdomo umejaa mkate, ameacha kutafuna.

“Mjomba, mbona mimi kila kitu ninacho?”

“Ndicho kinachoniua hicho!” Sauti ya mzee inapanda. “Nilikukosea. Unajua siku gani. Sitaki unisamehe kwa koti na vidonge. Niombe, mwanangu. Usiponiomba wewe, hakuna mwingine wa kuniomba.”

Biken anainama kutazama kama laini imekatika.

“Haya,” anasema Esbol. Amekohoa kidogo. “Basi nitumieni kurt. Ile ya mkazamjomba Biken, ya chumvi nyingi.”

Kurt ni jibini kavu, vidonge vigumu kama kokoto. Kila nyumba inayo, watoto hutembea nayo mifukoni. Serimbet anafungua mdomo. Biken anamwona, anamkazia macho. Mangystau yote haina kurt? Swali liko hapo kwenye ulimi, na mzee analimeza.

“Utapata,” anasema. “Itaondoka kesho na basi.”

Simu inakatika. Zeinolla anameza mkate na kusema polepole. “Kurt! Mtu ana haki ya farasi, anaomba kurt. Hiyo tunawapa hata abiria tusiowajua. Amekuonea huruma tu, rafiki yangu.”

“Lakini ameomba,” anasema Biken.

Serimbet ameshainuka. Anatoka hadi kwenye kibanda ambako vidonge vyeupe vimeanikwa juu ya kitambaa, anaanza kuvichagua. Vilivyopasuka anaviweka kando. Anajaza mfuko mmoja, anatafuta mwingine. Macho yake mekundu, na anakubali kwamba analia. Hana haja ya kusingizia moshi wa makaa.

Mwaka huu hatamuuza yule farasi, anasema, wala mwakani. Ataendelea kumwandaa kila kiangazi, awe tayari, bila kumpa jina. Farasi ana miaka mingi mbele yake. Kuhusu miaka yake mwenyewe hana hakika.

“Zeinolla anasema kweli, huenda kijana amenihurumia,” anasema, akifunga mfuko kwa mkono mmoja na meno. “Nami nimekubali. Hata utotoni alianza na kurt. Alikuwa hajajua kutembea vizuri, ananing’ang’ania suruali, ‘Mjomba, nipe.’ Kuomba farasi kulikuja baadaye sana. Namwomba Mungu anifikishe kwenye hiyo baadaye.”