Mama Seva, aliyejifuta mara tatu kwenye orodha ya upasuaji

Saa moja kasoro robo asubuhi, kabla wagonjwa hawajaanza kupanga foleni dirishani, mwanamke mmoja anapiga magoti ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Anaweka kiganja ubavuni mwa mtambo mweusi, mrefu kama kabati la vyombo. Hatazami taa zake. Anasikiliza feni, na feni ya tatu kutoka chini leo inakwaruza.

Anatoa bisibisi kwenye mfuko wa koti, anakaza skrubu mbili, anasikiliza tena. Kisha anainuka taratibu, mkono mmoja ukutani na mwingine tumboni, akingoja kizunguzungu kipite.

Hospitali nzima inamwita Mama Seva. Ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka tisa ndiye msimamizi pekee wa kompyuta zote hapa. Mtambo anaousikiliza ndio seva yenyewe, kompyuta mama inayohifadhi mafaili ya wagonjwa elfu sitini na nne: vipimo vyao, dozi zao, tarehe zao za upasuaji. Jina lake pia limo humo. Liliwekwa kwenye orodha ya upasuaji mara tatu, na mara zote tatu alilifuta mwenyewe.

Ana uvimbe kwenye kizazi. Daktari alimweleza mwaka juzi kwamba cha kuogopa si uvimbe wenyewe, bali damu anayoipoteza kila mwezi. Alipopimwa miezi mitatu iliyopita, kipimo cha wingi wa damu kilisoma saba, wakati mwanamke mzima anatakiwa kufika kumi na mbili.

"Nikipanda ngazi kidogo tu nahema kama nimekimbizwa," anasema. "Halafu wananiita ghorofani kwa sababu printa haina karatasi."

Simu za namna hiyo ndizo zinazomla siku nzima. Leo, hata saa nne haijagonga, mhasibu amesahau nywila yake, ambayo ameibandika ukutani nyuma ya kalenda. Wodi ya watoto wamelalamika kwamba kompyuta yao imekufa, kumbe hakuna aliyeiwasha. Utawala nao wamemtaka apande juu ya meza awatundikie televisheni. Kote huko anakwenda, hagombi na mtu, na akirudi stoo anacheka peke yake, kicheko kifupi kisicho na raha.

Seva hiyo ina miaka kumi na miwili. Ameandika barua nne kuomba mpya, na zote zimejibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Alipochoka kupigwa danadana, kazi aliihamishia nyumbani.

Nyuma ya nyumba yake, chumba cha kufulia kimegeuka karakana. Kuna meza ya mbao iliyoungua hapa na pale, kifaa cha kuchomelea waya, na televisheni mbovu anazozing'oa vipuri. Mfumo wa umeme wa seva ameufumua na kuusuka upya mara mbili juu ya meza hiyo. Feni mbili amezitoa kwenye friji mbovu za majirani. Mumewe, fundi cherehani, amemshonea kichujio cha vumbi kwa kitambaa cha pazia.

"Nilikuwa najivunia," mumewe anasema. "Mke wangu anafufua vitu. Sikujua kwamba tunajiponza."

Mama Seva alilitambua hilo siku mganga mkuu wa hospitali alipomleta mgeni stoo, akamwonyesha mtambo na kumwambia kwa fahari kwamba una miaka yote hiyo na hausumbui. Hakuwa na nia mbaya. Lakini Mama Seva alikuwa mlangoni, akasikia. Barua zake zilisema mtambo unakufa, mikono yake ikawaonyesha kwamba ni mzima, nao wakaamini walichokiona.

Upasuaji wa kwanza aliufuta kwa sababu diski iliungua siku mbili kabla. Wa pili, umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo. Mara ya tatu hapakuwa na hitilafu yoyote. Alikwisha kuvaa gauni la wodi, akamfikiria mtoto wa kifafa anayekuja kuchukua dawa na dozi yake isionekane. Hofu ikamshika. Akaomba kompyuta ya muuguzi, akaingia, akalifuta jina lake, akavua gauni na kurudi kazini.

Mumewe hakusema naye siku nne. Siku ya tano alivunja ukimya.

"Mtambo ukifa watanunua mwingine," alimwambia. "Wewe nitakununua wapi?"

Mama Seva alilia mpaka asubuhi, na hasiti kulisema hilo.

Tangu hapo, kwa muda wa miezi miwili, amekuwa akimfundisha binti mmoja, karani wa takwimu, kutunza nakala za mafaili na kuuzima mtambo salama. Dozi za wagonjwa wasioweza kukosa dawa amezichapisha na kuzigawa wodini. Juu ya seva amebandika karatasi: ikizima, msiitengeneze, mwiteni mganga mkuu. Mganga mkuu aliisoma mara mbili, akauliza kama hali ni mbaya kiasi hicho.

"Daktari, nimekuandikia mara nne," alimjibu.

Amekwisha kuongezewa chupa mbili za damu, na jina lake limewekwa kwenye orodha kwa mara ya nne: Jumanne ijayo saa mbili asubuhi ni zamu yake. Ijumaa alimkalisha karani mbele ya kompyuta, akamwagiza amwondolee yeye mwenyewe ruhusa zote za kuingia kwenye mfumo. Binti akamgeukia.

"Mama, hata ya orodha ya upasuaji?"

"Anza na hiyo hiyo."

Kazi ilipokwisha, alijaribu kuingia kwa nywila yake ya miaka tisa. Kompyuta ikamkatalia. Akajaribu tena, ikamkatalia, akashusha pumzi.

Daktari amemtaka apumzike wiki sita, naye amepanga kuzimaliza zote. Anaulizwa itakuwaje seva ikizima Jumanne hiyo hiyo, yeye akiwa kwenye meza ya upasuaji.

"Nitakuwa nimelala," anasema. "Wataniambia nikiamka."