Kamba za Atomu na Kabati la Mama

Mama alipopata chumba cha kupanga katika mtaa wa Langas, mjini, baada ya miezi ya kulala chini ya turubai katika uwanja wa maonyesho, alikipanga sawasawa na nyumba yetu ya Kiplombe iliyochomwa. Birika juu ya stuli, kushoto mwa kitanda changu. Jiko la mafuta ya taa kando yake. Kitanda chake chini ya dirisha, kabati ukutani mkono wa kulia. Shida ni kwamba nyumba ya Kiplombe ilikuwa na vyumba vitatu na hii ilikuwa na kimoja. Kabati lilizuia mlango, ukawa unafunguka nusu tu. Wageni waliingia kiubavuubavu, na wenye matumbo tuliwasalimia wakiwa nje.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaamua kwamba najua maana ya lile kabati: mama anataka kurudi. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 tuliondoka Kiplombe na nguo za mwilini tu, na tangu siku hiyo wimbo wangu ulikuwa mmoja, tutarudi. Shamba lilikuwa bado letu. Kila nilipojipenyeza mlangoni, bega likigonga kabati, hasira zilinipanda upya, na nilizipenda hasira hizo.

Wakati huo nilikuwa nasomea shahada ya pili ya biokemia pale mjini. Kazi yangu ilikuwa protini moja ya kimelea cha ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ng'ombe. Profesa wangu alikuwa amefanikiwa kuikuza protini hiyo ikawa fuwele, zikapigwa eksirei ng'ambo, akarudi na data ya kuonyesha kila atomu imekaa wapi. Mimi nikabaki na kompyuta, kuzisogeza atomu kidogo kidogo mpaka zikubaliane na data hiyo.

Data yenyewe ilikuwa hafifu, kama picha iliyopigwa na mtu anayetetemeka mkono. Ukiziacha atomu huru kwenye data ya namna hiyo, zitatangatanga ovyo. Kwa hiyo unazifunga. Unachukua umbo la protini nyingine ya ukoo huohuo, ambalo limeshajulikana, na kila atomu unaifunga kwa hesabu kwenye nafasi yake ya mwanzo. Kadiri inavyokwenda mbali, ndivyo inavyovutwa kurudi.

"Ni kama kufunga ndama na kamba," nilimweleza mama jioni moja. "Anakula nyasi hapo karibu, lakini haendi kwa shamba la watu."

"Na umesoma miaka yote hiyo ndio ufunge ndama hazionekani?" akasema, huku akiendelea kukata sukuma wiki.

Mvua ya masika ilipokaribia, jirani yetu wa Kiplombe alikuja kututembelea. Ni mzaliwa wa kule, na ndiye aliyetuficha jikoni kwake siku ile watu wa kwao walipokuja na moto. Alijipenyeza mlangoni, akaketi, akapewa chai, akasema lililomleta.

"Mama, mvua iko karibu. Kama mnarudi, tutawaachia mahali ya kujenga. Kama hamrudi, wacha tulime yote pamoja, uchukue magunia yako. Lakini nijue mapema, trekta inangoja."

"Anarudi," nilidakia.

Mama alimwongezea jirani chai. "Tutaongea," akasema.

Basi nikarudi kwenye protini yangu, nikiwa nimeshajenga nyumba kichwani hadi paa. Na protini ikanikatalia. Kulikuwa na kipande kimoja kilichojikunja mdomoni mwa shimo la protini, mahali ambapo dawa ingeingia. Sisi tunakiita kitanzi. Kwenye ramani ya atomu ambayo kompyuta huchora kutokana na data, mahali nilipokifunga ilipaka rangi nyekundu, maana yake hapa hakuna kitu. Pembeni ikapaka kijani, maana yake hapa kuna kitu ambacho hujakiweka. Nikasema ni kelele za data mbaya. Nikakaza kamba zaidi.

Profesa aliangalia kioo cha kompyuta yangu, akavuta kiti.

"Hii ramani haitoki kwa data peke yake," akasema. "Inatoka pia kwa model, hilo umbo uliloweka. Ukikaza hivi, itakurudishia kile ulitaka kuona. Toa hicho kitanzi chote. Run hesabu tena bila yeye, halafu uone data inasema nini."

Nilikitoa nikiwa nimenuna. Hesabu zilipokwisha, ramani ilikuwa tupu kabisa pale nilipokuwa nimekifunga, na kwingine, nje kidogo, kulikuwa na mstari safi usiohitaji ubishi. Kitanzi kilikuwa kimefunguka. Nikakijenga upya huko, nikalegeza kamba zake, kikatulia. Nilifurahi sana, nikampigia profesa makofi hata akaona haya.

Kisha, nikitembea kurudi Langas, nikakosa raha. Nilikuwa nimemsemea mama kwa jirani, na kabla ya hapo nilikuwa nimemsemea kwa kila mtu. Mwenyewe sikuwahi kumuuliza.

Nilimkuta anachambua mchele. Nikakaa kitandani kwangu.

"Mum, unataka kurudi Kiplombe?"

Alitoa mawe mawili ya mchele kabla ya kujibu. "Hapana. Shamba nitalima na jirani, yeye hana shida na mimi. Lakini kulala huko siwezi. Mbwa ikibweka nitatoka mbio. Mimi nimechoka kukimbia."

"Sasa mbona umepanga nyumba kama kule? Hadi mlango haifunguki!"

Aliniangalia kama anavyomwangalia mtu anayeuliza chumvi iko wapi na imo mkononi mwake.

"Si ni wewe? Kule kwa turubai, kila asubuhi ulikuwa unaamka unapapasa kushoto, unatafuta birika uniwekee chai. Macho hata hujafungua. Unashika matope. Nikasema, Mungu akinipea nyumba, huyu mtoto atapata birika yake."

Nililia mpaka mchele ukawekwa kando. Miaka yote nilidhani ni yeye aliyefungwa kule.

Jumamosi mama alimpigia jirani simu, akamwambia alime yote. Halafu tukalisukuma kabati, mimi nikivuta na yeye akitoa amri, tukahamisha vitanda, jiko na stuli ya birika. Mlango ukafunguka wote hadi ukutani, jua likaingia hadi chini ya kitanda, mama akaona vumbi na kulalamika.

Kesho yake asubuhi niliamka kabla ya macho yangu, nikapapasa kushoto. Nikashika ukuta.

"Iko huku," mama akasema.